Kabla Kinu Hakijafika Uyoma, Kenya Itie Sahihi

"Nyathina, hicho kinu ndicho wanachotengenezea bomu?"

Swali ni la shangazi yangu wa Uyoma, ninayemwita Waya. Si yeye peke yake aliyeniuliza. Tangu mwaka 2025, serikali ilipoanza kuitaja Siaya kuwa huenda ndiko kitakakojengwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, nimeulizwa na waendesha bodaboda wa Lwanda Kotieno wakisubiri abiria wa feri ya Mbita, na akina mama wanaoanika omena ufuoni, na mwalimu mmoja mstaafu aliyenivuta kando matangani. Mimi ni mpiga eksirei katika hospitali moja mjini Kisumu. Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na daktari anayefanya kazi na mionzi hutarajiwa kujua na habari za bomu.

Jibu fupi ni hapana. Kinu cha umeme hakitengenezi bomu, na hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Kinaweza kuharibika vibaya, kama ilivyokuwa Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, lakini huo ni msiba wa aina nyingine. Jibu refu ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu ndani yake mna mikataba ambayo Kenya imeitia sahihi kwa niaba ya Waya bila yeye kuambiwa, na mkataba mmoja ambao Kenya iliupigia kura ya ndiyo mbele ya dunia nzima kisha ikauacha bila sahihi.

Nianze na mionzi yenyewe, maana hiyo naishi nayo. Kila asubuhi kabla sijawasha mashine nabana kifuani beji ndogo ya plastiki, chini ya aproni ya risasi. Beji haizuii chochote. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya mionzi iliyonifikia. Muda wake ukiisha hupelekwa kusomwa, na majibu hurudi na tarakimu mbele ya jina la kila mmoja wetu. Mfanyakazi wa mionzi hapaswi kupita wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida asiongezewe zaidi ya 1 kutokana na shughuli za namna hiyo, mbali na anayopata akitibiwa. Picha moja ya kifua haifiki hata sehemu ya kumi ya milisiverti 2, na binadamu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula chake, bila kukanyaga hospitali. Ng'ambo ya ghuba, kwenye vilima vya Ruri kule Homa Bay, miamba ina thoriamu na mionzi ya asili ni ya juu kuliko kawaida. Watu wameishi hapo vizazi na vizazi.

Nasema haya ili nieleweke: siogopi mionzi kwa kuwa tu ni mionzi. Naiogopa mahali ambapo haina wa kuipima wala wa kuulizwa.

Kuna habari moja ya Hiroshima ambayo mtu wa kazi yangu akiisikia mara moja hawezi kuisahau. Tarehe 6 Agosti 1945, mji ulipoteketea, madaktari waliosalia katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu hawakujua ni silaha ya aina gani iliyowapiga. Mmoja wao akaingia stoo palipokuwa na filamu za eksirei ambazo hazijatumika, zikiwa bado kwenye vifungashio vyao. Alikuta zote zimeshapigwa na mionzi. Sisi tulioanza kazi enzi za filamu na chumba cha giza tunajua maana yake: unaichovya filamu mpya kwenye dawa na inatoka nyeusi tii, haina kifua wala mfupa. Ndivyo hospitali ile ilivyoanza kutambua kwamba wagonjwa waliolala kwenye korido hawakuungua kwa moto peke yake. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 wanakadiriwa kuwa walikuwa wamekufa Hiroshima, na kama 70,000 Nagasaki.

Wapo wanaoniambia hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Mimi huwajibu hivi: sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia katika mradi wake wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika migodi ile. Walioyapasua mawe hayo na kuyapakia magunia waliongea lugha hii ninayoandika, na hakuna aliyewaambia yanakwenda kufanya nini. Na kwa wanajeshi wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma, vijana wa Nyanza wakiwamo, bomu hilo lilimaanisha kwamba vita vimekwisha na meli ya kurudi nyumbani itakuja. Tulikuwamo tangu siku ya kwanza. Ila kwenye meza ya kuamua hatukuwapo.

Meza hiyo Waafrika walianza kuidai mapema. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Algeria, na ikaendelea na majaribio katika nchi hiyo hadi 1966, jumla 17. Ghana ya Nkrumah ilizuia mali ya Wafaransa. Nigeria ilivunja uhusiano na Ufaransa Januari 1961. Julai 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo, walitangaza kwamba bara hili halitaki silaha za nyuklia. Kenya ilikuwa na miezi saba tu ya uhuru. Mwaka uliofuata ikajiunga na mkataba wa mwaka 1963 unaokataza majaribio ya nyuklia angani, anga za juu na chini ya maji.

Hapa Kisumu ushindani wa mataifa yenye mabomu tuliuona kwa macho. Hospitali kubwa ya rufaa, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Ikafunguliwa na Mzee Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa watu kuuawa kwa risasi, jambo ambalo mji huu haujalisahau. Mpaka leo ukipanda matatu na kumwambia kondakta "Russia", atakushusha mlangoni pa hospitali. Jaramogi alituhumiwa kuwa mtu wa Moscow na Beijing, wengine wakaitwa watu wa Washington. Wodi zilijengwa na nchi iliyokuwa ikirundika makombora, na mahasimu wake walikuwa wakirundika yao.

Katika miaka hiyohiyo ndipo ulipozaliwa mkataba mkuu wa mambo haya, Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ambao kwa kifupi huitwa NPT. Ulifunguliwa kwa sahihi tarehe 1 Julai 1968, na Kenya ilitia sahihi siku hiyohiyo ya kwanza. Iliuridhia Juni 1970. Uganda ilijiunga mwaka 1982 na Tanzania mwaka 1991.

Mapatano yake ni ya pande mbili. Nchi tano zilizokuwa zimeshalipua bomu kabla ya mwaka 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, zilitambuliwa kuwa nazo. Nyingine zote ziliahidi kutolitafuta kamwe. Kwa ahadi hiyo zikapewa mambo mawili: haki ya kutumia nyuklia kwa amani, na neno la wale watano kwamba watajadiliana kwa nia njema mpaka silaha hizo ziondolewe. India, Pakistan na Israel hazikujiunga kabisa. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003. Leo dunia ina vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000, takriban tisa kati ya kila kumi vikiwa vya Marekani na Urusi.

Mwalimu yule wa matangani aliniuliza: Kenya ya mwaka 1968 isingeweza kutengeneza hata baiskeli, ahadi yake ya kutotengeneza bomu ilikuwa na uzito gani? Ni swali zuri, na jibu liko kusini. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliunda mabomu sita. Ikayavunja, ikajiunga na NPT Julai 1991, na Machi 1993 Rais de Klerk akalitangazia bunge kwamba mabomu yalikuwapo na sasa hayapo. Ni nchi ya Afrika iliyofanya hivyo, nchi pekee duniani kuwahi kuyaunda mabomu yake yenyewe na kisha kuyavunja yote. Hapo ndipo ahadi ya 1964 ilipopata miguu. Tarehe 11 Aprili 1996, huko Cairo tena, ukatiwa sahihi Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kenya ilitia sahihi siku hiyo na kuuridhia baadaye. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009.

Watu wengi wakisikia Pelindaba hudhani unahusu mabomu tu. Mkataba huo unakataza pia kutupa taka zenye mionzi popote Afrika, na unakataza kushambulia kwa silaha mitambo ya nyuklia iliyoko barani. Tangu Machi 2022, wanajeshi wa Urusi walipokiteka kituo cha Zaporizhzhia huko Ukraine, dunia nzima imejifunza maana ya kuwa na vinu katikati ya vita. Anayeishi Uyoma ana sababu ya kukijua kifungu hicho kabla hata msingi haujachimbwa.

Kenya pia iliridhia mwaka 2000 mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Huu una jambo linalonifurahisha kwa namna ya pekee. Kule Kilimambogo, karibu na Thika, kuna kituo cha kusikiliza mitetemo ya ardhi, na Nairobi kipo kingine cha kusikiliza mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, vyote vikiwa katika mtandao wa dunia nzima. Nchi ikilipua bomu chini ya mlima, mawimbi husafiri ndani ya ardhi na vyombo vya namna hiyo huyanasa. Ndivyo majaribio ya Korea Kaskazini yalivyotambuliwa. Kumbe Kenya ina beji yake pia, kubwa kuliko yangu, ikiipimia dunia. Mkataba wenyewe bado haujaanza kutumika kisheria kwa sababu nchi kadhaa zinazotakiwa hazijauridhia, Marekani na China zikiwamo, na Urusi iliondoa uridhiaji wake Novemba 2023.

Sasa nifike Kogelo, maana huwezi kuongea mambo haya Siaya bila kufika Kogelo.

Tarehe 5 Aprili 2009, huko Prague, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, alisema mbele ya umati kwamba Marekani, nchi pekee iliyowahi kulitumia bomu la nyuklia vitani, ina wajibu wa kimaadili kuchukua hatua, na akaahidi kutafuta amani ya dunia isiyo na silaha hizo. Oktoba mwaka huohuo kamati ya Nobel ikampa Tuzo ya Amani, ikitaja waziwazi maono hayo. Kisumu tulicheza barabarani. Aprili 2010 alirudi Prague kutia sahihi na Urusi mkataba uliowekea kila upande kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kurushwa. Julai 2015 yalifikiwa makubaliano na Iran kuhusu mpango wake wa nyuklia, na siku chache baadaye akatua Nairobi. Mei 2016 akawa rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kuzuru Hiroshima.

Na mambo hayo yakaishia wapi? Serikali yake mwenyewe iliidhinisha mpango wa gharama kubwa wa kuzifanya upya silaha zilezile. Marekani ilijitoa katika makubaliano ya Iran Mei 2018, na Juni 2025 ikapiga mitambo ya nyuklia ya Iran huko Fordow, Natanz na Isfahan. Mkataba na Urusi uliongezwa muda mwaka 2021 hadi Februari 2026 tu, na Urusi ilisimamisha ushiriki wake Februari 2023. Sisemi haya kumshusha mwana wa Kogelo. Nampenda kama kila Mluo anavyompenda. Nasema kwamba ikiwa rais wa nchi yenye mabomu, mwenye nia na mwenye tuzo, hakuweza kuyaondoa, basi neno la wale watano katika NPT halitatimizwa kwa kuwasubiri. Nchi zisizo na mabomu zina lao la kufanya.

Nazo zililifanya. Tarehe 7 Julai 2017, katika Umoja wa Mataifa mjini New York, nchi 122 zilipitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Kenya ilikuwa kati yao. Mkataba huu hauna nchi tano za upendeleo. Unakataza kuwa na silaha hizo, kuzijaribu, kuzitumia, kutishia kuzitumia, kuziweka katika nchi ya mwingine, na kumsaidia yeyote anayefanya hayo. Na una kitu ambacho mfanyakazi wa hospitali hawezi kukipita: unazidai nchi ziwatunze watu walioumizwa na mabomu na majaribio, na zisafishe ardhi iliyochafuliwa. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021, baada ya nchi 50 kuuridhia.

Afrika Kusini imeuridhia. Komoro imeuridhia. Tanzania ilitia sahihi mwaka 2019. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Shinkolobwe, iliuridhia Septemba 2022, na nikiwafikiria wachimbaji wale wa Katanga naona haki kidogo imetendeka. Kenya iliyonyanyua mkono New York haikufuatisha sahihi yake, wala Uganda jirani yetu.

Mtu anaweza kusema: kuna haja gani, wakati NPT na Pelindaba zimeshatufunga tusiwe na bomu? Ni kweli zimetufunga. Lakini Pelindaba ni ya bara hili, na bomu halina bara. Vita vya nyuklia kati ya mataifa ya mbali vingejaza moshi angani na kuvuruga mvua na mavuno hadi hapa, kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Na kura ya ndiyo haimfungi mtu yeyote. Kwa Katiba yetu ya 2010, mkataba ulioridhiwa huwa sehemu ya sheria za Kenya. Ule uliopigiwa kura tu hauwi chochote mahakamani.

Lipo jambo la pili, na hili ndilo linalounganisha New York na Lwanda Kotieno.

Kwanza serikali ilitaka kujenga kinu Uyombo, Kilifi, cha megawati 1,000. Watu wa Uyombo walikataa, na Mei 2024 maandamano yao yalikutana na nguvu za polisi. Ndipo macho yakageukia ziwa, na Rarieda na Bondo zikaanza kutajwa. Kazi hiyo iko mikononi mwa wakala wa serikali uitwao NuPEA, na usimamizi wa usalama uko kwa mamlaka nyingine, KNRA, zote mbili zikiwa zimeundwa na sheria za mwaka 2019. Katika miaka iliyopita Kenya imetia sahihi hati za maelewano kuhusu nyuklia na China, Urusi na Korea Kusini. Mbili kati ya hizo tatu ni nchi zenye mabomu. Muuzaji wa kinu huuza pia fueli, mafunzo, vipuri na mikopo, na uhusiano huo hudumu miaka 60 au zaidi. Nataka nchi yangu iketi kwenye meza hiyo ikiwa imeshasema kisheria, kwa sahihi yake, inasimama wapi kuhusu bomu. Ukishakuwa na deni la mtu ndipo ukaanza kumwambia unachokiamini, sauti huwa imepungua.

Waya aliponibana kuhusu jibu refu, nilimweleza hivi. Urani inayotoka ardhini, ile inayopasuka kwa urahisi ndani yake haifiki hata asilimia 1. Kwa vinu vingi, inarutubishwa hadi asilimia 3 mpaka 5. Mashine zilezile zikiendelea kuzungushwa, hufika asilimia 90, na hiyo ndiyo ya bomu. Iran ilikuwa imefika 60, ndiyo sababu ya hofu yote ile. Kenya haina mpango wa kurutubisha. Fueli ingenunuliwa tayari. Lakini fueli ikishatumika kinuni huwa imezaa plutoniamu kidogo ndani yake, na bomu la Nagasaki lilikuwa la plutoniamu. Kuitenga ni kazi ngumu inayohitaji kiwanda maalumu, na mtu wa kawaida akiikaribia fueli hiyo ilipotoka tu kinuni bila kinga hafi kwa saratani ya baadaye, hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo ulinzi wake ni jambo la usalama wa watu kwanza, na la amani ya dunia pia.

Anayehakikisha haipotei ni Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao Vienna. Kenya ni mwanachama wake tangu 1965, na makubaliano ya ukaguzi kati yao yalianza Septemba 2009, pamoja na itifaki ya ziada inayowapa wakaguzi ruhusa ya kuingia hata mahali pasipotangazwa. Wakaguzi hao huhesabu fueli kama mama wa soko la Kibuye anavyohesabu gorogoro za omena: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na hesabu isipolingana hapalaliki. Hufunga lakiri, huweka kamera, huchukua vumbi kwa pamba na kwenda kulipima.

Hofu ya kupotea si ya kubuni. Kinshasa ndiko kilikojengwa kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika, mwaka 1959, enzi ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1970 vijiti viwili vya fueli vilitoweka pale. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu.

Shirika hilohilo la IAEA limetufanyia na mema ambayo watu wa mwambao wanayakumbuka. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o dume waliotiwa mionzi ili wasiweze kuzalisha walilelewa Tanga na kuachiliwa kwa ndege juu ya Unguja, mpaka mbung'o wakatoweka kisiwani na ng'ombe wakapona nagana. Sisi wa ziwani, ambao bonde la Lambwe limetusumbua kwa mbung'o miaka mingi, tunaweza kupima thamani ya kazi kama hiyo. Haki ya kutumia nyuklia kwa amani, iliyoandikwa ndani ya NPT, naiunga mkono kwa moyo wote. Naitumia kila siku ya kazi.

Sina neno la mwisho kuhusu kama kinu kijengwe Siaya au kisijengwe. Nataka kwanza kuona tathmini ya mazingira, nijue maji ya kupoza yatarudi ziwani yakiwa na joto gani, na fueli iliyotumika itakaa wapi baada ya mimi na watoto wangu kuondoka. Mji wa Kisumu unakunywa maji ya ziwa hili, yanayovutwa pale Dunga. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Zilizobaki ni za Uganda na Tanzania, na maji yakitoka Jinja yanakuwa Nile. Itifaki ya bonde la ziwa ya mwaka 2003 inazitaka nchi zijulishane kuhusu miradi inayoweza kumdhuru jirani, na ofisi ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapahapa Kisumu, kwa hiyo hakuna atakayedai hakujua pa kupeleka barua. Uganda nayo inapanga kinu chake Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Watu wa Mwanza na Entebbe wana haki ya kuuliza kuhusu Uyoma kama sisi tulivyo na haki ya kusikilizwa.

Kuhusu sahihi, hata hivyo, neno ninalo. Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012 imeweka njia: wizara husika inapeleka mkataba na maelezo yake Baraza la Mawaziri, likikubali unakwenda kwa Spika wa Bunge la Taifa, kamati inaujadili na kupokea maoni ya wananchi, kisha Bunge linaamua. Haihitaji fedha za mradi wala kuhamisha boma la mtu. Wabunge wa Rarieda, Bondo, Kisumu na Homa Bay wanaweza kuliuliza Bungeni wiki yoyote ambayo Bunge linakaa. Kwenye mabaraza ya kinu, watu wa kwetu wamekuwa wakiuliza kuhusu fidia ya ardhi, kazi za vijana na samaki, na wasiache kuuliza hayo. Nimemwandikia Waya swali la nne kwa Dholuo, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake: kura ya Julai 2017 itafuatwa na sahihi lini? Amesema atalisoma yeye mwenyewe mbele ya chifu, hataki kusomewa na mtu.